Kupima hisia za wateja kwa miwani ya uhalisia pepe: uzoefu wangu

Nabuni viti vya sebuleni, mafundi wangu wako Keko, Dar es Salaam. Sampuli moja ya mninga inakula mbao, sponji na kitambaa, halafu mteja anaitazama na kusema "nzuri" kwa adabu tu. Adabu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye miwani ya HP Reverb G2 Omnicept. Ina kamera za kufuatilia macho na upana wa mboni, na kihisi cha mapigo ya moyo kwenye paji la uso.

Mteja akiivaa anakiona kiti kilichochorwa kwenye kompyuta kana kwamba kiko mbele yake, kwa ukubwa wake halisi, anakizunguka, anainama kuchungulia chini. Hapa ndipo nilipofaidika zaidi. Watu waliosifia mgongo wa kiti, macho yao yaliganda kwenye miguu yake myembamba. Nilipowauliza taratibu wakafunguka: wanaogopa hakitabeba mtu mzito. Kwenye picha za karatasi hakuna aliyewahi kulitaja hilo, na miguu yenyewe nimeshaiongezea unene.

Ila usiamini namba peke yake. Moyo kwenda mbio na mboni kutanuka huonyesha kuwa mtu amesisimka. Havisemi amefurahi au amekereka. Tena mboni hutanuka gizani na kusinyaa kwenye mwanga, hivyo kiti cheusi kinaweza kuonekana kipenzi cha watu kumbe ni rangi tu. Kwa hiyo mwanga na chumba viwe vilevile kwa miundo yote. Anayevaa miwani mara ya kwanza husisimkwa na miwani yenyewe, basi mwache kwanza azoee ndani ya chumba kitupu. Baada ya hapo natumia SAM, kipimo ambacho Bradley na Lang walikieleza mwaka 1994: mtu anachagua kikaragosi kinachofanana na anavyojisikia, bila kuhangaika kutafuta maneno.

Ulaini wa sponji hauonekani humo. Kwa umbo naipendekeza kwa moyo wote. Kwa mkao bado natengeneza sampuli.

Ukiipata iliyotumika, angalia kompyuta yako kabla ya kulipa. Miwani hii hutegemea Windows Mixed Reality, programu ya Microsoft ya kuendesha miwani ya aina hii, na Microsoft imeiondoa kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 24H2. Yangu inaendeshwa na kompyuta ambayo sijaisasisha.