Msumeno wa Mnyororo wa Betri kwa Kuni za Nyumbani: Uchambuzi Kutoka Njombe

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo nauchambua msumeno wa mnyororo unaotumia betri, yaani chenso isiyo na petroli, na nitauchambua kwa kazi moja tu, nayo ni kukata kuni za matumizi ya nyumbani. Sizungumzii kuvuna shamba la miti la biashara wala kupasua mbao, kwa sababu kazi hizo zina mashine zake na mafundi wake. Naifikiria kaya ya hapa Njombe, au ya Makete, Lushoto na hata Limuru kule Kenya, ambayo ina miwati, migrivea au mikaratusi michache mpakani mwa shamba, ambayo hupogoa matawi kila mwaka, na ambayo inahitaji kuni fupi zinazoingia kwenye jiko banifu bila kuchomoza nje.

Huu nilio nao hapa mezani una bapa la sentimita 35, yaani lile bamba refu la chuma ambalo mnyororo unalizunguka, na unatumia betri mbili za volti 18 zinazoshirikiana kutoa volti 36. Kila betri imeandikwa ampea-saa 5, kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Sitaitaja kampuni iliyoutengeneza, kwa kuwa mashine za muundo huu zinatengenezwa na kampuni kadhaa, na mengi nitakayoyasema yanazihusu zote za daraja hili.

Ili uupime msumeno huu kwa haki, anza kwa kutazama namna kazi ya kuni inavyokwenda. Anayekata kuni hakati mfululizo. Hukata kipande, akasimama, akasogeza gogo, akaokota vilivyoanguka, akavipanga pembeni, kisha akarudi kukata. Muda ambao mnyororo uko ndani ya mti ni sehemu ndogo tu ya muda wote wa kazi. Katika vipindi hivyo vya katikati msumeno wa petroli hubaki ukinguruma bure, ukila mafuta na kumwagia moshi wake usoni mwako, au unalazimika kuuzima kisha kuvuta kamba upya kila unaporudi. Huu wa betri ukiachia kifyatulio unanyamaza, na hautumii chochote cha maana mpaka ukibonyeze tena. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuuchagua kwa matumizi ya nyumbani, na ni kubwa kuliko hata gharama ya petroli ambayo watu wengi huitanguliza.

Sababu inayofuata inatugusa zaidi sisi wa nyanda za juu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya petroli inahitaji hewa ili iunguze mafuta, na kwa makadirio ya mafundi hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hesabu hiyo, injini iliyokuwa na nguvu kamili Dar es Salaam ikifika hapa inakuwa imepungukiwa na karibu moja ya tano, na kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, isiporekebishwa hupitisha mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, plagi ikawa nyeusi na moshi ukazidi. Mota ya umeme haiunguzi kitu, hivyo nguvu yake hapa ni ileile ya Tanga.

Sasa tuje kwenye betri, ambako ndiko maswali mengi yaliko. Volti 36 ukizizidisha kwa ampea-saa 5 unapata wati-saa 180, yaani kiasi cha umeme ambacho betri zote mbili zinabeba. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000, kwa hiyo hata ukiongeza kiasi kinachopotea kama joto kwenye chaja, kuzijaza betri zote mbili hakufikii robo ya uniti. Gharama ya umeme, basi, isikusumbue. Kinachostahili kukusumbua ni kasi ya kuchaji, hasa kama unategemea sola. Chaja ya haraka inayojaza betri hizi mbili kwa pamoja kwa dakika 45 inalazimika kutoa zaidi ya wati 240 muda wote huo, na mfumo mdogo wa sola wa taa na simu hauwezi kubeba mzigo kama huo. Mwenye sola ndogo anunue chaja ya polepole, achaji betri moja moja wakati wa jua kali, na afahamu kwamba kazi yake ya kuni itafuata ratiba ya jua.

Je, wati-saa 180 zinakata kuni kiasi gani? Jibu la namba moja haliwezi kuwa la kweli, kwa sababu unene wa gogo hubadilisha kila kitu. Gogo la kipenyo cha sentimita 10 lina uso wa kukatwa wa takriban sentimita za mraba 79, na la sentimita 20 lina 314. Kwa maneno mengine, gogo lenye unene maradufu linadai kazi mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana matawi yaliyopogolewa, yenye unene wa mkono hadi wa paja, yanakatika mengi mno kwa chaji moja, ilhali shina nene la mkaratusi linaimaliza betri ukiwa bado hujaona rundo la maana. Bapa la sentimita 35 linaweza kuingia kwenye gogo nene, lakini mimi naona raha ya msumeno huu inaishia kwenye sentimita 25 hivi. Mti wenyewe pia una neno lake. Mwati mkavu ni mgumu kuliko mwati mbichi, kwa hiyo ni busara kukata vipande vikiwa vibichi na kuviacha vikauke vikiwa tayari vifupi, ambapo pia hukauka haraka zaidi kwa kuwa unyevu hutoka kupitia ncha zilizokatwa. Mkaratusi nao upasue kwa shoka ukiwa mbichi, maana nyuzi zake zilizojisokota zikikauka zinalikataa shoka. Msumeno hukata kwa upana tu, na kazi ya kupasua inabaki kuwa ya shoka.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linalonikera kwa niaba ya wanunuzi. Siku hizi madukani na mitandaoni kunauzwa visumeno vidogo vya mkono mmoja, bapa lake halizidi urefu wa kiganja na vidole, na kwenye betri kumebandikwa namba za kutisha kama 48, 88 au mamia, zikifuatwa na herufi VF. Herufi hizo si kipimo cha volti. Ukifungua betri nyingi za namna hiyo utakuta seli tano za lithiamu zilizofungwa mfululizo. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida na 4.2 ikijaa, hivyo seli tano ni volti 18, na zikijaa kabisa ni 21. Hakuna 88 humo ndani. Kwa sababu hiyohiyo, betri iliyoandikwa volti 18 na ile iliyoandikwa volti 20 mara nyingi ni kitu kimoja, kilichopimwa kwa nyakati mbili tofauti. Unapokwenda dukani tafuta wati-saa kwenye lebo, au zidisha mwenyewe volti kwa ampea-saa, na lebo isiyo na namba hizo iache mezani kwa muuzaji. Visumeno hivyo vidogo vinafaa kupogoa michungwa na kukata fito. Kwa kuni za familia havitoshi, na kule kuvishika kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika tawi kunamleta mnyororo karibu sana na vidole.

Turudi kwenye mashine yetu, na sasa nausogeza karibu na kamera ili uone meno. Mnyororo ndio unaoamua kama betri yako itadumu. Tazama kinachodondoka ninapokata: hivi ni vipande vidogo vilivyo bapa, unaweza kuvihesabu kiganjani. Mnyororo ukiwa butu utaona unga laini ukipeperuka, msumeno utaanza kukata kwa kupinda, nawe utajikuta unaukandamiza. Mwenye mashine ya petroli hulipia ubutu huo kwa mafuta zaidi na jasho. Kwa mwenye betri, chaji inapungua kwa kasi, betri zinapata joto, na chaja za kisasa hukataa kuchaji betri yenye joto mpaka ipoe, kwa hiyo unakaa unasubiri. Mnyororo huu unanolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4, jino kwa jino, kwa pembe ya nyuzi 30, ukisukuma upande mmoja tu na kuinua tupa unaporudi. Soma kitabu cha mashine yako, kwa sababu kipimo cha tupa hutegemea aina ya mnyororo. Mnyororo ukigusa ardhi mara moja tu, ukali umekwisha, kwa hiyo gogo liwekwe juu ya tegemeo la mbao lenye umbo la herufi X na si chini kwenye mchanga.

Kutokuwa na petroli hakumaanishi kutokuwa na mafuta. Mnyororo unahitaji mafuta ya kuulainisha muda wote unaozunguka, na tangi lake dogo hili la pembeni unalikagua kila unapobadilisha betri. Ili kujua kama mafuta yanafika, elekeza ncha ya bapa kwenye kipande cha boksi cheupe bila kukigusa, uwashe kwa sekunde chache, na utaona mstari mwembamba wa matone ukijichora. Usipouona, simamisha kazi. Najua wengi hutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari, na nawasihi waache, kwa sababu oili hiyo ina chembe za chuma zinazoweza kuharibu pampu, na hurushwa hewani, ikaangukia nguo zako, bustani yako na kuni zitakazopikia chakula.

Kuhusu usalama nitasema kwa uzito, kwani ukimya wa mashine hii unawadanganya watu. Msumeno wa petroli uliozimwa hauwezi kuwaka wenyewe. Huu wenye betri ndani uko tayari wakati wote, na mtoto hahitaji nguvu ya kuvuta kamba. Betri zitoke kabla ya kukaza mnyororo, kabla ya kunoa, kabla ya kwenda kunywa chai. Usikate kwa robo ya juu ya ncha ya bapa, kwa sababu hapo meno yanapong'ang'ania mti msumeno wote huruka kuelekea usoni kwako kwa kasi isiyokupa nafasi ya kufikiri. Breki ya mnyororo, huu mkono wa plastiki ulio mbele ya kishikio, ipo kwa ajili hiyo, na uijaribu kila unapoanza kazi. Vaa kinga ya macho, buti ngumu, na suruali ya kinga kama unaweza kuipata. Suruali hizo hufanya kazi kwa nyuzi ndefu zinazonasa mnyororo na kuukwamisha, lakini mota ya umeme ina nguvu ya mzunguko tangu mwanzo na inaweza isikwame upesi kama injini ya petroli, hivyo suruali isikufanye ulegeze tahadhari.

Gogo likiegemea ncha zote mbili, upande wake wa juu ndio unaobana, kwa hiyo kata theluthi moja kutoka juu kisha umalizie kutoka chini. Likiwa limeshikwa upande mmoja tu na mwingine unaning'inia, fanya kinyume chake. Ukilijua hilo, bapa halitakwama, wala hutajikuta unaling'oa kwa nguvu huku betri ikiwa ndani.

Kwa miezi ya Juni na Julai, wakati umande unapoganda kule Kitulo, usichaji betri ya lithiamu iliyolala nje ikiwa baridi chini ya nyuzi sifuri. Ilete ndani, iache ipate joto la chumba, ndipo uichomeke. Betri utakazokaa nazo muda mrefu bila kuzitumia zihifadhi zikiwa na chaji ya kama nusu, mbali na jiko na jua la dirishani. Msumeno wenyewe huvuja mafuta kidogo ukikaa, kwa hiyo weka boksi chini yake kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Je, uununue? Kama unauza kuni kwa lori, hapana, kwa sababu utahitaji betri nyingi ambazo bei yake itapita ya mashine nzuri ya petroli. Kama unakata miti ya hifadhi, hapana tena, maana bila kibali ni kosa la jinai kwa Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, na ukimya wa mota haubadilishi hilo. Hata kwa miti ya shambani kwako, muulize kwanza ofisa misitu wa wilaya kuhusu taratibu za kuvuna, kusafirisha na kumiliki msumeno wa aina hii. Kama unakata matawi na magogo ya wastani kwa ajili ya jiko lako, ununue, na kabla ya kulipa angalia drili au grainda uliyonayo nyumbani inatumia betri gani. Kampuni nyingi huuza msumeno peke yake bila betri kwa bei ya chini sana, na betri zako za sasa zikiingia kwenye msumeno huo, sehemu kubwa ya gharama utakuwa umekwisha kuilipa. Ikiwa huna betri yoyote, hakikisha duka linauza betri ya akiba, mnyororo wa akiba na tupa ya kipimo chake, na uvinunue siku hiyohiyo.