Django imekuwa nzito: urekebishe kwerii au uweke Redis?

Huu ubishi hauishi kwa madevelopa wa hapa Dodoma wanaotumia Django (fremu ya Python ya kujenga mifumo ya wavuti), mfumo ukianza kuburuta tu mmoja anasema weka kashe, yaani majibu yaliyohifadhiwa tayari kwenye kitu kama Redis, mwingine anasema kaangalie modeli zako (maelezo ya majedwali ya data) na kwerii, yaani maombi ya data kwenye hifadhidata, kwanza.

Kwa gharama, kwerii zinashinda, unalipa muda wako tu. Chukua mfumo wa wakulima wa zabibu, ukurasa una mizigo 100 na kila mzigo unaita jina la mkulima wake, hapo Django inapiga kwerii 101, ukiweka select_related("mkulima") inabaki moja. Kwa uhusiano wa wengi kwa wengi ndo unatumia prefetch_related. Halafu weka indeksi (kama faharasa ya kitabu, inaharakisha kutafuta) kwenye safu unazochujia, ila usizimwage kila mahali maana kila indeksi inachelewesha kuandika. Redis nayo ni bure lakini inakula RAM, na VPS (seva ya kukodi) ndogo inaisikia. Kuiunganisha ni rahisi, tangu Django 4.0 bekendi ya Redis imo ndani, unaongeza redis-py (maktaba ya Python ya kuongea na Redis) tu.

Uhakika sasa: kwerii inakupa data ya sasa hivi, kashe inaweza kumwonyesha mkulima bei ya jana na ugomvi ukaanzia hapo. Ila ripoti nzito ya msimu inayofunguliwa na kila mtu, Redis inaziacha kwerii mbali sana.

Matunzo? Kujua lini ufute kashe ndo kichwa kinauma.

Kwahiyo kama uko peke yako na data inabadilika kila saa, baki na kwerii. Kama wasomaji ni wengi na waandikaji wachache, weka kashe, kuitunza dakika 5 kunatosha kuanzia.