Fender Rumble 100: Anzia Katikati, Besi Itajileta

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtasoma hapa juu tu kisha mrudi kwenye shughuli zenu: inunue. Kwa mpiga besi wa kanisani, hotelini na kwenye kumbi za kawaida za Nairobi, Fender Rumble 100, ampu ya kukuzia sauti ya gita la besi, inatosha na kubaki. Ila sababu yangu si wati 100 wala jina lililoandikwa usoni. Ninaipenda kwa kuwa sauti za kati zimegawanywa mara mbili. Badala ya nobu moja ya midi kama ilivyo kwenye ampu nyingi ndogo, hapa una ya chini na ya juu, na kazi yote ya kuifanya besi isikike iko hapo katikati. Nobu yenye jina "besi" ndiyo ninayoigusa kidogo kuliko zote.

Mimi hupiga Jumapili asubuhi kanisani, na Ijumaa usiku rhumba na zilizopendwa na bendi ya watu watano huko Eastlands. Gita langu ni la nyuzi nne na napiga kwa vidole. Wale wa kuchapa nyuzi kwa kidole gumba watafute maoni ya mtu mwingine, hiyo si dini yangu. Ampu niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa mpiga besi aliyekuwa akihamia Mombasa, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mume wangu husoma ninayoandika.

Ina spika moja ya inchi 12 na uzito wa kilo 10 hivi. Huo uzito si jambo dogo kwa mtu anayepanda matatu. Naibeba kwa mkono mmoja, gita mgongoni, na makanga wa njia yetu akiiona hunidai nauli ya mtoto. Tunabishana hadi Donholm, halafu anaiweka mwenyewe kando ya dereva.

Sasa usoni pake. Kushoto kuna geini, yaani nobu ya nguvu ya sauti inayoingia kutoka kwenye gita, halafu swichi tatu za kubonyeza: Bright, Contour na Vintage. Kisha kuna sehemu ya kuchafua sauti makusudi, halafu zile nobu nne, yaani besi, midi ya chini, midi ya juu na trebo, ile ya sauti za juu. Mwisho ni masta, nobu ya ukubwa wa sauti yote.

Contour ndiyo inayowauzia watu ampu. Ukiibonyeza, inachimba sauti za kati na kuziinua za chini kabisa na za juu kabisa. Ingia duka lolote la vyombo Luthuli Avenue, piga noti mbili, na muuzaji ataibonyeza kabla hujamwambia lolote: "Sikia hiyo, madam!" Na kweli inasikika. Dukani uko peke yako, hakuna ngoma, hakuna kinanda, na sauti iliyochimbwa katikati inajaa kifua kama matatu mpya ya Rongai. Ichukue sauti hiyohiyo uende nayo mbele ya mpiga ngoma na magita mawili, utatafuta noti zako usizione. Utahisi mtikisiko sakafuni tu, na mwimbaji atakugeukia akitaka kujua kama umeacha kupiga. Kwangu Contour imezimwa, nayo hubaki hivyo. Vintage huiacha imewaka, inalainisha sauti vizuri. Bright siigusi.

Kwa nini katikati ndiyo muhimu? Uzi mnene wa gita la besi, ule wa E, ukiupiga wazi, bila kuubana, unatetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Lakini noti haiji peke yake. Inakuja na wenzake wa 82, 123, 164 na kuendelea juu, na hao ndio sikio hushika. Hata spika ndogo isiyoweza kutoa ile 41, ubongo ukiwasikia hao wengine unaijaza yenyewe, na wewe unaapa umesikia E. Sikiliza Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapahapa Nairobi mwaka wa 1978. Besi ya Tommy Malanga unaweza kuifuata noti kwa noti hata kwenye karedio ka jikoni, na karedio hako hakajawahi kutoa hezi 41 tangu kazaliwe. Ile ni besi yenye mwili katikati. Rhumba na benga haziendi bila hiyo, kwa sababu humo besi haikai nyuma kushikilia mdundo tu. Inajibizana na gita.

Hivi ndivyo ninavyoipanga, nikisema kwa mkono wa saa. Besi inatazama saa tano. Midi ya chini iko saa nane. Midi ya juu saa saba. Trebo saa nne, kwa sababu huko juu sina ninachokitafuta zaidi ya kelele za kucha kwenye freti, vile vyuma vya shingo ya gita. Midi ya chini ukiipandisha kupita hapo, sauti inavimba na noti zinaanza kushikana, hasa kwenye sebene ambako vidole haviachi kukimbia. Midi ya juu inaleta ule mguso wa kidole kwenye uzi, unaoonyesha noti imeanza wapi. Ukiizidisha, besi inaanza kugombana na gita la ridhimu, na mpiga ridhimu wetu ni mzee wa heshima ambaye sitaki kugombana naye.

Ni huyo mzee aliyeniambia, mara ya kwanza nilipokuja na mpangilio huu, "Mama, leo ndiyo nasikia unasema nini." Nikamwambia asante mzee, nikajifanya nakaza nyuzi.

Kisa kingine ni cha fundi wa mitambo kanisani. Kijana mzuri, lakini ana tabia ya kunipungia mkono kutoka kwenye mikisha, meza yake ya kuchanganyia sauti, katikati ya wimbo: "Dada, kata besi, inanivamia huku!" Kinachomvamia ni ule mngurumo wa chini kabisa unaozunguka chini ya mabati na kurudi. Basi naishusha nobu ya besi kidogo tu, hadi saa nne, na palepale napandisha midi ya chini kiasi hichohicho. Ananionyesha dole gumba. "Hapo sawa, usiguse tena." Kwa kweli sasa ninasikika zaidi kuliko mwanzo, lakini hilo ni langu na nobu zangu.

Kuna hesabu nyuma ya jambo hili, na wenye ampu ndogo waijue. Ukiongeza sauti za chini kwa desibeli 3, ampu inadaiwa nguvu maradufu kwenye sauti hizo. Ukiongeza kwa desibeli 10, inadaiwa mara kumi. Noti iliyokuwa ikila wati 10 sasa inataka 100, na 100 ndizo zote ulizo nazo. Kwa hiyo anayefungua nobu ya besi hadi mwisho anamaliza mafuta yote kwa mtikisiko, halafu akitaka kupandisha masta anakuta ampu imeshafika, sauti inakwaruza. Ukiishusha besi kidogo, masta inapata nafasi.

Halafu lipo suala la chumbani. Wapo wanaopanga sauti tamu usiku nyumbani, volyumu chini ili jirani asigonge ukuta, wakaweka alama ya kalamu kwenye kila nobu, kisha Jumapili wakapandisha masta tu na kushangaa tope linalotoka. Sikio la binadamu halisikii vizuri sauti za chini zikiwa ndogo. Wanasayansi Fletcher na Munson walilipima hili Marekani wakalichapisha mwaka wa 1933. Kwa volyumu ya chumbani unaongeza besi kufidia, na ukiipandisha ampu, sikio halihitaji tena fidia hiyo. Alama za kalamu zifute. Sauti ipangwe kwa volyumu utakayopigia, wenzako wakiwa wanapiga.

Mambo mengine hakuna nobu inayoyatibu, hata kwenye ampu ya bei mara tatu. Sisi hufanyia mazoezi kwenye gereji moja Umoja, kuta za mawe, mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde, hivyo kati ya kuta hizo nusu ya wimbi la hezi kama 43 inatosha barabara, nalo linagonga na kurudi na kujiongezea nguvu. F iliyo kwenye freti ya kwanza ya uzi mnene ni hezi 43.7. Unaona mkosi huo? Mwimbaji wetu anapenda kuimba kwenye F. Kila nikitua nyumbani, yaani kwenye hiyo F, gereji nzima inaguna, ndoo ya fundi wa magari inatetemeka, na noti nyingine zote zinaonekana nyonge. Ukiishusha nobu ya besi kwa ajili ya F, unainyonga hata G na A. Dawa ni kuihamisha ampu. Tuliitoa kwenye kona, tukaivuta kutoka ukutani, tukaipandisha juu ya kiti cha plastiki, na F ikarudi kwenye adabu. Haikupona kabisa, lakini tunaelewana. Kona, kwa jumla, iepukwe. Inaongeza sauti za chini ambazo hukuziomba.

Vilevile mvumo wa umeme. Umeme wetu wa Kenya ni wa hezi 50, na G ya freti ya tatu kwenye uzi mnene ni hezi 49. Vimekaa mlango kwa mlango. Anayejaribu kuua mvumo kwa kushusha besi anaua G pamoja nao, na mvumo wenyewe bado utabaki na sauti zake za juu, 100 na kuendelea. Kwanza badilisha waya wa gita. Kisha angalia soketi. Kumbi nyingi nilizopigia zina soketi ambazo ule waya wa ardhi, wa kijani na manjano, haujaunganishwa popote. Na mtu yeyote akikushauri ukate pini ya ardhi ili mvumo uishe, mshukuru kwa upole na uondoke na ampu yako. Hiyo pini ipo ili usife.

Na kinanda. Mpiga kinanda wetu kanisani ana mkono wa kushoto wenye bidii isiyo ya kawaida. Kila ninapopiga, naye yupo palepale, oktavi ileile, kwa vidole vitatu. Nilizungusha nobu zote nne huku na huku nikaona nahangaika bure. Baada ya ibada nilimvuta kando nikamwambia, "Mdogo wangu, huo mkono wa kushoto tuupumzishe kidogo, tugawane kazi." Alicheka, akaupumzisha. Jumapili iliyofuata watu walidhani nimenunua spika mpya.

Sehemu ya kuchafua sauti niitaje kwa haraka. Kidogo sana, isiyojulikana kama imewashwa, inasaidia noti zisikike kwenye simu za wanaorekodi, kwa sababu inazidisha wale wenzake wa juu niliowataja. Ikizidi hapo ni ya watu wa roki, na siwasemi vibaya.

Inaposhindwa ni nje. Harusi uwanjani, hema, watu mia kadhaa: hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, na spika moja ya inchi 12 haiwezi kusukuma hewa yote hiyo. Ukiwa huko usiiombe isiyoyaweza. Nyuma ina tundu la XLR la kupeleka sauti kwenye mikisha, umpe fundi waya, umwachie spika zake kubwa, na ampu yako uigeuze ikutazame wewe na mpiga ngoma tu. Huko nje hata mpangilio wangu unabadilika. Bila kuta za kuisaidia, besi naipandisha hadi saa sita, ikifika saa saba nimekata tamaa.

Kwa anayetafuta iliyotumika, iwashe bila gita kwanza, masta juu, usikilize. Mnong'ono kidogo ni kawaida. Zungusha kila nobu taratibu. Ikikwaruza ni vumbi, si ugonjwa, na fundi wa redio atalisafisha. Kisha piga E wazi kwa nguvu na usikilize kama spika inatoa mlio wa karatasi. Hapo mwombe apunguze bei au uage. Na kama kuna shangazi anayekuletea kutoka Marekani, mwambie asome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Za kule huja za volti 120, hapa kwetu ni 240, na bila transfoma ya kushusha umeme utaisikia mara moja tu.