Matembezi ya mguu Tanga mjini: wapunguze Boma, waongeze Ngamiani

Mimi ni Mkenya, kwetu Kitale. Nilikuwa Muheza nikijitolea kwenye maktaba ya shule ya msingi, na kabla ya kurudi nyumbani nikajitengea siku ya kuliona jiji la Tanga. Mpaka hapo Tanga niliijua kwa stendi ya Kange na foleni ya benki tu. Wenzangu walinisukuma niende mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kutoka mjini, lakini mimi sikutaka pango, nilitaka watu. Nikachukua matembezi ya mguu na mwongozaji, shilingi 40,000, maji juu yao, kahawa na chakula juu yako. Nendeni na pesa taslimu. Laini ya simu ya Kenya haikunisaidia kitu.

Tulianzia Boma ya zamani ya Wajerumani, lilipo jumba la makumbusho la Urithi. Jengo zuri, limetunzwa, na upepo wa bahari unaingia hadi ndani. Kilichonishika ni habari za mkonge. Yale mashamba niliyokuwa nikiyapita kila nikipanda daladala, asili yake ni miche 62 iliyofika hai kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa upande wa Pangani. Ila hapo tulikaa mno. Kijana aliyetuongoza alikuwa amekariri majina ya magavana na tarehe zao, akayamwaga yote, jua nalo likizidi kupanda. Bustani ya Uhuru na mnara wake wa saa tulivipita mbio mbio, na sikuona hasara.

Stesheni ya reli ndipo alipoanza kuniamsha. Shuleni kwetu Vita Kuu ya Kwanza tulifundishwa kwa habari ya wapagazi waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, basi. Hapa alinionyesha kwa mkono. Novemba 1914 Waingereza walikuja na meli, askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, na kabla ya kushuka wakatanguliza manowari kuutaka mji usalimu amri. Ni sawa na mwizi kubisha hodi! Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakitawala hapa, akapata nafasi ya kuteremsha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, nao hawakuzidi sana elfu moja. Waingereza walishukia Ras Kazone, wakapigwa, wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi tele. Habari ya nyuki waliovamia vitani mtaisikia, wenyeji wanaipenda. Kijana aliisimulia bila kuitia chumvi: nyuki waliuma wa pande zote mbili.

Ukivuka reli unaingia Ngamiani, mitaa ya wenyeji, na hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda kihalali. Barabara zake zinahesabiwa, ya kwanza, ya pili, mpaka zinapita ishirini, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Mji ni tambarare na baiskeli ni nyingi ajabu. Akina mama wa baibui wanapita na kapu la sokoni mbele, wima, hawana wasiwasi. Mwongozaji mwenyewe ni mzaliwa wa hapo. Hotuba ikaisha, akawa mtu mwingine, kila hatua anasalimia. Alituombea ruhusa kwa bibi mmoja tuone nyumba yake ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, na kabla sijakaa sawa nikawa na kisahani cha mihogo ya nazi mapajani. Kwetu bara shikamoo si jambo la kila siku. Miezi ya Muheza ilinifunza, na siku hiyo ilinifungulia milango kuliko huyo mwongozaji.

Tulipumzika kwenye kijiwe cha kahawa, kikombe kidogo, chungu kwelikweli, na kashata pembeni. Wazee walikuwa kwenye bao. Mmoja akaniuliza narudi lini kwetu, nikamwambia kesho asubuhi. Akacheka, "Ndiyo Tanga hiyo, waja leo, waondoka leo." Wakaanza kubishana kuhusu Coastal Union na African Sports, timu za mpira za Tanga, kila mmoja akitaka Mkenya aamue. Ningekaa hapo hadi magharibi, lakini mwongozaji alikuwa anatazama saa yake: ratiba ilisema Ngamiani nusu saa. Nusu saa! Boma tulikaa zaidi ya hapo.

Mengine ni madogo. Choo kilikuwepo makumbusho tu, kwa hiyo tumieni hapo. Saa tatu na nusu asubuhi ni kuchelewa kuanza kwa jua la Tanga. Ombeni saa moja. Wenye watoto wadogo au magoti mabaya, afadhali mkodi bajaji na mshuke mnapopenda.

Kwa anayemaliza kujitolea na amebakiwa na siku chache, nawashauri mchukue. Ila kabla ya kulipa kubalianeni kwamba mnaanzia Ngamiani asubuhi, wakati vitumbua viko motoni, na Boma iwe ya mwisho. Mwambieni mapema, kwa maana mkishafika mlangoni pa Boma atakuwa keshaanza na magavana.