"Usiguse, mama": wikendi yangu ya "Lamu ya zamani"

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira, nikangoja ipoe. Wiki zimepita na bado haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Tangazo lilisema siku mbili za Lamu ya zamani: burudani za mababu, mashua wakati wa jua kuchwa, chakula cha Kiamu, na ununuzi "kwa bei za enzi za majahazi". Wenyewe siwataji, wakisoma watajijua. Nikalipia watu wawili, mimi na bibi yangu. Bibi kazaliwa Langoni, mtaa wa Lamu, kaolewa Mombasa, na ni miaka chungu nzima hajakanyaga kwao. Nilitaka kumfurahisha tu.

Kasoro ya kwanza aliiona hata kabla hatujavuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara. "Jumamosi na Jumapili?" akaniuliza. "Sisi tangu lini tulicheza Jumapili?" Kwao mapumziko yalianza Alhamisi, chuo cha Kurani kikishafungwa. Jioni ile watoto wote wako pwani, na Ijumaa baada ya sala ndiyo nguo safi, halua, na kutembea usita wa mui, ile njia kuu ya mji, huku na huku mpaka miguu iume. Jumamosi asubuhi mwalimu anakungoja na bakora yake. Kwa hiyo tulichouziwa ni zamani iliyopangwa kwa kalenda ya ofisi za Nairobi. Nikacheka, nikasema si neno.

Mtembeza wageni wetu alikuwa kijana nadhifu, kavaa kofia ya vito, maneno yanamtoka kama kanda. Pale uwanja wa Mkunguni akasimama mbele ya Ngome akatangaza kuwa ilijengwa na Wareno. Bibi akakohoa. Wareno walijenga Fort Jesus, kwetu Mombasa, miaka ya 1590. Hii ya Lamu ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya vita vya Shela, kijiji jirani, na waliosaidia ni Waomani. Wala bibi hakuyatoa kwenye kitabu. Yeye Ngome aliijua ikiwa jela, na mama zao walikuwa wakiwatisha nayo. Kijana akatabasamu, akasema "asante kwa mchango wako, mama", kisha kundi lililotufuata nyuma akaliambia Wareno vile vile. Nililisikia kwa masikio yangu.

Hata hilo ningelisamehe. Sasa njoo dukani.

Duka liko kwenye kichochoro kimoja, silielezi zaidi. Ndani mna taa za chemli, visanduku vya njumu, sahani za kaure, na vitu vilivyopakwa vumbi kwa makusudi. Bibi akaenda moja kwa moja kwenye dele la shaba, birika la kahawa. Si kwa bahati: babu yake alikuwa akiuza kahawa usiku, dele mkono mmoja na makaa chini yake, mkono wa pili ukigonganisha vikombe, na watu wakiisikia ile sauti wanatoka vibarazani. Basi akalitwaa, akaligeuza matako juu, akaingiza kidole kwenye mdomo wake.

Kijana wa duka hakumwamkia. Mtu mzima kama yule, ameingia mlangoni mwako, hata shikamoo hakuna. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Usiguse, mama, kama hununui."

Bibi akauliza bei kwa upole. Elfu kumi na tano. Dele lina miaka mia mbili, lilikuja na majahazi ya Waarabu.

"Miaka mia mbili," bibi akasema, "na lehemu yake yanuka bado?"

Watu wakacheka. Bibi akataja bei yake, kama anavyotaja mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Kijana akaonyesha kikaratasi kilichogandishwa kwenye kifuniko: bei imeandikwa, hapa hatupatani. "Bei moya?" bibi akauliza, kama aliyeambiwa bahari imekauka. Hapo ndipo yule mtembeza wageni, niliyemlipa kwa pesa yangu, akaniinamia akanong'ona, lakini si kwa sauti ya chini ya kutosha: "Dada, mwambie bibi asiwaharibie watu biashara."

Bibi akaliweka dele mahali pake, akafuta vidole kwa buibui, akatoka. Hakusema kitu mpaka adhuhuri. Mimi nilikuwa natetemeka.

Mnaouza "bei za zamani", hivi mnajua zamani mtu alinunuaje? Bibi alinisimulia mchana ule, tumekaa kibarazani tukila kaimati (za mama mmoja pale nje, hazimo kwenye ziara, na ndicho kitu kitamu kuliko vyote tulivyokula). Pepo za kaskazi zikianza, kuanzia Disemba hivi, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Ghuba, yakajaa mbele ya mji. Yalileta tende, chumvi, papa mkavu mwenye harufu ya kufika mpaka Shela, mazulia, mitungi. Kusi ikishika yanarudi na boriti za mikoko. Biashara hiyo ilikuwa tayari imedhoofika, na mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje ndiyo ikazikwa kabisa. Sasa mama yake bibi hakutoka mchana. Wanawake wa nyumba zile hawakwenda sokoni wenyewe. Aliyetumwa pwani ni mtoto, yaani bibi, na thumni yake, senti hamsini, ndani ya kiganja. Akirudi na tende za bei ya kwanza, mama yake hazipokei. "Rudi ukapatane." Anarudi na pakacha lake hadi kwa yule Mshihiri, Mwarabu muuza tende, anasimama hapo, analia ikibidi. Mara nyingine alikwenda mara tatu kwa ratili moja ya tende. Kupatana ndiyo ilikuwa burudani yenyewe, jamani! Wazee walikuja kuangalia tu nani atamshinda nani. Ninyi mmeitoa hiyo, mkabakisha vumbi.

Mashua ya jioni. Hapa nitajipinga kidogo, maana haki lazima isemwe. Tulipanda tukakuta mashine nyuma inaunguruma na tanga limekunjwa kama mkeka wa maiti. Nikasema haya, hata upepo wametuibia. Bibi akamwendea nahodha, mtu mzima, akamwita "mwanangu", akamuuliza tanga lina ugonjwa gani. Nahodha akacheka, akasema ameambiwa watalii wanaogopa mashua ikilala upande. "Mimi si mtalii," bibi akasema. Mashine ikazimwa. Vijana wakavuta henza, foromali ikapanda, tanga likajaa, na ghafla ukimya ule, maji tu yakipita ubavuni. Wakapiga bisho kuelekea Manda na kurudi. Bibi kashika ukingo wa mashua, buibui linampepea, macho yamefumba. Nahodha alimwamkia alipopanda, akamwamkia tena aliposhuka. Kwa saa ile moja nilisahau kila kitu, na kama ziara nzima ingekuwa mikononi mwa mtu yule ningeandika maneno mengine kabisa.

Chakula cha usiku: wali wa nazi uliopoa na kinanda cha umeme. Tuendelee.

Jumapili asubuhi niliamka, kitanda cha bibi kitupu. Nikatoka mbio, nimeuliza kila baraza, punda wananisukuma kwenye kuta. Mzee mmoja wa bao akanielekeza kwa kidevu. Nikamkuta kwenye kizingiti cha duka lile lile! Amekaa, kikombe cha kahawa mkononi, na yule kijana wa "usiguse" amechuchumaa mbele yake akimwita bibi, bibi, kila neno la pili. Bibi alikuwa amefika tangu linafunguliwa. Alikuwa amekwisha muuliza kwao wapi, mama yake nani, na kumbe mama yake mkubwa yule kijana walisoma chuo kimoja na bibi. Wakati huo walikuwa elfu mbili mia mbili. Kijana anaapa kwamba atafukuzwa, bibi anainuka aende zake, kijana anamshika mkono, bibi anakaa. Watu wawili watatu wamesimama wanatazama. Nikajaribu kusema, "Bibi, baada ya alivyokutukana jana?" Akanipungia mkono ninyamaze, kama vile mimi ndiye ninayeharibu biashara.

Alilipata kwa elfu moja na mia nane.

Sasa nihukumu vipi? Tangu siku ile bibi anamsimulia kila anayekuja nyumbani kuwa hajapata kustarehe hivyo kwa miaka. Mimi niliyelipa nimebaki na hasira peke yangu. Nilikuwa nimeamua nyota moja. Nahodha apewe tano, lakini hakuna mahali pa kumpa nahodha nyota zake. Kijana wa duka, sijui. Alijirekebisha, lakini ilimbidi kwanza ajue ni mama wa nani, na hilo halinifurahishi hata kidogo: je, angekuwa bibi wa mtu mwingine? Mtembeza wageni hapana, huyo sina cha kumpa. Basi weka mbili. Si za kwenu, za bibi.

Tulipofika Mombasa tukalitia dele maji na kahawa, tukaliweka juu ya makaa. Haikupita dakika, tss, tss, matone yanaanguka kwenye jiko, pale pale mdomo ulipoungwa. Nikaruka: "Bibi! Linavuja!"

Hata hakugeuka. "Najua lavuja, mwanangu. Lingekuwa halivuji ningempa elfu mbili."