Kibuye kwa shilingi 6,000: nguo za mwaka mzima kutoka soko la Jumapili

Soko la Kibuye liko kando ya barabara ya Jomo Kenyatta, ukitoka katikati ya jiji la Kisumu kuelekea Kondele. Biashara ipo kila siku, lakini siku yake hasa ni Jumapili. Kwa anayetaka kuvaa vizuri mwaka mzima bila kukopa, hatujaona pa kuanzia pazuri zaidi katika ukanda huu wa ziwa, maana mitumba ni mingi kiasi cha kukuruhusu kukataa shati la kumi ukijua la kumi na moja lipo meza ya pili. Sharti ni uje na hesabu kichwani. Anayekuja kutembeza macho hurudi na mashati manne mazuri na hana suruali hata moja ya kuyavalia.

Hesabu yenyewe huanza na majira yetu. Kisumu ina jua la Januari na Februari, masika ya Machi hadi Mei, miezi ya katikati yenye asubuhi za ubaridi kidogo, kisha vuli kuanzia Oktoba. Mji uko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850 na Eldoret karibu 2,100, kwa hiyo mwenye safari za huko anahitaji sweta moja la maana, na moja linatosha. Marobota nayo yanatoka nchi zenye majira yao, ndiyo maana utakuta koti la sufu lenye bitana nzito likiuzwa bei ya kutupa mchana wa jua kali. Liache. Halitavaliwa Kisumu, na Nakuru utalivaa mara mbili kwa mwaka.

Kwa shilingi 6,000 tunapendekeza mgawo huu, na bei tunazotaja ndizo vikomo vyetu vya kununulia: mashati au blauzi 3 kwa 200 kila moja, fulana 2 kwa 150, suruali 2 kwa 450, sketi 2 au suruali nyepesi 2 kwa 250, blezari 1 kwa 600, koti la mvua 1 kwa 600, sweta jembamba 1 kwa 300, na gauni au shati la shughuli 1 kwa 300. Hapo umefika 4,100. Weka 1,000 ya viatu na 900 ya fundi. Hiyo 900 ya fundi usiiguse hata ukutane na kitu cha kukutoa roho, kwa sababu ndiyo inayogeuza mtumba kuwa nguo yako.

Vipande 5 vya juu na 4 vya chini vinatoa mavazi 20. Ukivaa vivyo hivyo, ukiongeza blezari, au ukiongeza sweta, yanakuwa 60. Hesabu hii inasimama tu ikiwa kila cha juu kinakubaliana na kila cha chini, na hapo ndipo wengi huteleza: wananunua rangi wanayoipenda badala ya rangi inayopatana na nyingine. Vipande vya chini viwe vya rangi tulivu, yaani buluu iliyoiva, kaki, kijivu na nyeusi. Vya juu, viwili viwe vyeupe au vya rangi ya maziwa, viwili vya rangi moja unayoipenda, na kimoja tu kiwe cha maua au mistari. Ukitaka uchangamfu zaidi, yadi 2 za kitenge zinatosha sketi moja iliyonyooka, na sketi hiyo itapendeza na kila shati la rangi moja ulilo nalo.

Fika kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi. Huo ndio wakati wa kamera, yaani nguo za mchujo wa kwanza robota linapofunguliwa, na bei yake iko juu. Blezari, koti la mvua na suruali zitafutwe hapo, kwa kuwa kasoro zake ni ghali kurekebisha. Fulana na mashati ya kawaida yasubiri. Kuelekea jioni hubaki fagia, yaani masalio yaliyokosa mnunuzi, na utasikia “Hamsini, hamsini, beba!” juu ya rundo lililokuwa la mia mbili asubuhi. Ndani ya fagia mna fulana nzuri kabisa zilizoachwa kwa sababu ya kifungo kimoja. Ila wingu likishajijenga juu ya ziwa, usingoje bei ishuke zaidi. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri, na udongo wa sokoni ukilowa huokoti tena nguo, unaokota matope.

Sasa shati lenyewe. Litoe chini ya turubai kwanza. Turubai la buluu hubadilisha rangi zote: jeupe lililogeuka manjano huonekana safi, na nyeusi huwezi kuitofautisha na buluu iliyoiva. Likishafika juani, anza na kola kwa ndani, pale shingo inaposugua. Mstari wa hudhurungi uliokaa hapo miaka hautoki kwa sabuni. Nenda kwapani: doa gumu linalokwaruza kidole ni jasho lililochanganyika na dawa ya kwapa, na kitambaa cha hapo kimeanza kufa. Kisha lishike mabegani uliinue kuelekea jua, utazame mwanga unavyopenya. Vitundu vidogo kama vya sindano chini ya kifua, usawa wa mshipi, ni msuguano wa kifungo cha suruali na vitakua; kwenye sufu, vitundu vilivyotawanyika ni kazi ya nondo. Nyeusi iliyopigwa na jua huwa na kivuli cha kijani au kahawia mabegani, na hiyo hairudi. Kifungo kilichopotea kisikusumbue, maana mara nyingi cha akiba kimeshonwa kwenye lebo ya ubavuni.

Lebo inayotaja kitambaa ni muhimu kuliko jina la kampuni. Kwa joto letu tafuta pamba, kitani, au mchanganyiko ambao pamba haipungui 60 kwa 100. Poliesta tupu hushika joto na harufu, ingawa haikunjamani. Ivumilie kwenye sketi, usiivumilie kwenye shati. Lebo ikiwa imekatwa, vuta uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, na ukishalipa uuchome. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuwa kijidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele. Mtumba wa pamba una faida nyingine ambayo nguo mpya haina: umeshafuliwa mara nyingi, umeshapungua kadiri ya kupungua, na kipimo unachopima leo ndicho utakachobaki nacho.

Na kipimo hakitoki kwenye namba ya lebo. 12 ya Uingereza ni karibu na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na zote tatu zimelala kwenye rundo moja. Kabla ya kutoka nyumbani, tandaza suruali yako inayokukaa vizuri kuliko zote, upime kiuno, paja, kina cha kutoka kiunoni hadi msambani, na urefu wa ndani wa mguu. Shati lipime bega hadi bega, na kwapa hadi kwapa. Andika namba hizo kwenye simu, beba tepu. Ukisahau tepu, funga suruali kifungo, uizungushe kiuno chake shingoni: ncha zikikutana nyuma bila kuvutana, kwa watu wengi itaingia.

Jinzi yenye mpira mwingi ina ugonjwa wake. Ivute gotini kwa vidole viwili, iachie. Ikirudi polepole, au ikiacha vijiwimbi juu ya kitambaa, nyuzi za mpira zimekwisha na goti litatoka kifuko ifikapo saa sita mchana. Ukivuta ukanda wa kiuno ukasikia mlio kama karatasi kavu, ni maradhi yale yale. Ngozi bandia ipitwe kabisa, iwe jaketi au mkoba: unyevu wa hewa yetu huimenya, ikianzia kola na viwiko. Viatu vikunje katikati. Soli inayoonyesha nyufa ndogo au kuacha unga mkononi itapasuka katika wiki chache.

Blezari ndilo pambo la mkusanyo wote, na ndilo linalodanganya zaidi. Bana kitambaa cha kifuani kwa vidole, usugue safu ya nje dhidi ya ya ndani. Kama kifua kina mapovu madogo, gundi ya kitambaa cha ndani imeachia na pasi haitaituliza. Mabega yakae sawasawa siku hiyo hiyo. Kupunguza bega ni kufumua mkono, bitana na pedi, na fundi mwaminifu atakuambia hailipi. Mikono mirefu, kiuno kipana, hayo ni madogo. Chagua lenye bitana nusu, mgongo wake upitishe hewa. Koti la mvua nalo lijaribu kwa maji ya chupa: mimina matone machache begani, subiri dakika moja, pitisha mkono kwa ndani. Ukiona magamba meupe yakidondoka ndani ya mikono, utando wake umekufa hata kama nje linang'aa.

Kupatana bei Kibuye ni kwa adabu, na adabu inalipa. “Mama, shikamoo, hii ya mwisho ni ngapi?” hufungua mlango kuliko kuponda bidhaa. Shika vipande viwili au vitatu vya meza moja ndipo uombe bei ya pamoja. Muuzaji hupunguza kwa furaha anapoona mzigo unatoka. Beba noti ndogo hata kama utalipa kwa M-Pesa, kwa sababu mwenye noti ya elfu moja hapunguziwi kutoka 200 hadi 150.

Upungufu wa soko hili hatuufichi. Kujipima ni papo hapo hadharani, kwa hiyo vaa nguo za kubana chini na fulana nyembamba ili uweze kuvalia juu yake. Ukishalipa, umelipa. Msongamano wa adhuhuri unataka simu iwe mfuko wa mbele. Nguo za ndani na soksi nunua mpya dukani, hilo halina mjadala. Na mwenye mwili mkubwa sana au mrefu sana ahesabu Jumapili mbili badala ya moja, hasa kwa suruali.

Nguo ziende kwanza kwenye maji, fundi baadaye. Harufu ile ya robota hutoka ukiloweka nusu saa kwenye maji yenye siki, kikombe kimoja kwa ndoo ya lita 10, kisha ukafua kwa sabuni. Nguo zenye rangi nzito zijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kikishika rangi, nguo inachuja, na ifuliwe peke yake mara tatu za kwanza. Chumvi wanayoambiana watu haizuii kuchuja. Anika ndani nje, kivulini.

Kwa fundi nenda katikati ya wiki, na si wakati wa kufungua shule, cherehani zikiwa zimezama kwenye sare. Peleka suruali ukiwa umevaa viatu utakavyozivalia, maana pindo hupimwa kutoka kisigino. Mwambie asikate kitambaa kinachobaki; akikunje ndani sentimita 4. Kwa kiuno, apunguze kwenye mshono wa nyuma katikati, si ubavuni, la sivyo mifuko itasogea na kufunguka kama masikio. Kama kiuno kinazidi kwa zaidi ya sentimita 6, mifuko ya nyuma itakaribiana hata akifanya hivyo, kwa hiyo suruali ya namna hiyo irudishe mezani ukiwa bado Kibuye.