Duka la kamba Mbuyuni, Moshi: muuzaji anajua henza na demani

Wenye mitumbwi na mashua bwawa la Nyumba ya Mungu hii inawahusu. Kuna duka dogo la kamba na nyavu Moshi, nyuma ya soko la Mbuyuni, mi nalipatia nyota tano.

Mi mtu wa Pangani, niko bara mwaka wa saba sasa, na kinachonitesaga huku ukiingia dukani kila kitu ni "kamba" tu. Mwaka jana duka jingine huko mjini waliniuzia manila ile ya plastiki ya bluu nikaifanya henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, miezi minne tu jua limeshaila mpaka inatoka unga mkononi, siku hiyo upepo wa mchana umeshika vizuri tuko katikati ya bwawa henza ikakatika, foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lote vikatushukia mimi na mdogo wangu. Tulirudi kwa kafi, masaa mawili mazima.

Sasa huyu mzee nimempa shikamoo nikamwambia naomba kamba mita 20, akaniuliza "ya nini baba, ya henza, ya demani au ya nanga?" Aisee nilibaki nimesimama. Hayo maneno sijayasikia dukani tangu nitoke nyumbani. Kumbe ujanani alikuwa baharia wa majahazi Tanga.

Na ana maana anapouliza maana kila kazi ina kamba yake. Henza ndo inatweka foromali na tanga, ikiwa ya kuvutika upepo ukizidi tanga linalegea, kwa hiyo akanipa poliesta. Demani ndo ya kuongozea tanga, unaishika mkononi muda wote, inataka nene kidogo na laini isikuchane viganja. Ya nanga akanipa nailoni kwa sababu yenyewe inavutika, wimbi likivuta chombo kwa ghafla inameza ule mshtuko na nanga haing'oki ovyo. Akaleta ndoo ya maji akatumbukiza vipande viwili, manila ikaelea nailoni ikazama, akasema hii inayoelea usifungie nanga mwanangu, pangaboi la boti ya mwenzio litaizoa. Alivyomaliza kukata akachoma ncha kwa kiberiti, akaiviringisha kwenye kitambaa kilicholowa ikiwa bado ya moto, ikatoka imebana kama imeshonwa. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo, huwa wanakata kwa kisu wanakutupia inaanza kufumuka kabla hujafika stendi.

Bei imechangamka kidogo, poliesta hasa. Kapi za mlingoti, za kupitishia henza, hana, mpaka aagize Tanga, na hapokei pesa ya simu so beba keshi. Jumapili hafungui.

Henza yangu ina mwezi wa tatu sasa, kila wiki iko juani na majini na haijatoa hata uzi. Ukienda usianze kumtajia mita, mwambie kwanza inaenda kufanya kazi gani.